Chakula cha Ndege Hakina Chumvi

Ukutani juu ya sinki, katika jiko letu la Kamembe, kuna maandishi ya rangi nyekundu: AVOKA HAPANA. Kila mfanyakazi mpya huuliza ni nani aliyeandika vibaya namna hiyo, herufi moja iko juu, nyingine chini, kama watu wanaopanda mlima wamechoka. Ni mimi. Nilistaafu mwezi uliopita, na kabla sijarudisha funguo mliniomba, ninyi vijana, niwaandikie namna ya kupika chakula cha ndege. Vipimo mnavyo kwenye daftari, na mizani mnayo, tena ile ya kuwasha kwa betri. Mimi nitaandika jinsi masharti ya jiko lile yalivyopatikana, maana kila sharti limetugharimu kitu, na anayelifuata bila kujua bei yake atalivunja siku ya kwanza atakayoamka na uvivu.

Nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, kwa wazazi waliokimbilia huko kabla yangu. Kazi niliyoijua ni kupika. Nilipikia mapadri miaka kumi na miwili, na padri mkuu wa nyumba ile alikuwa na sheria moja aliyoirudia kama sala: mpishi hatafuni mbele ya wageni. Ukitaka kuonja, onja jikoni, mgongo mlangoni. Nilishika sheria hiyo hata mke wangu, Maman Devota, alikuwa akinicheka nyumbani kwamba ninakula kama mwizi.

Baada ya vita ya Rwanda tulivuka tukarudi katika nchi niliyoijua kwa hadithi za mama tu. Cyangugu, kama Rusizi hii ilivyoitwa siku zile, ilikuwa na nyumba nyingi zisizo na watu, na watu wengi wasio na nyumba. Hakuna aliyehitaji mpishi. Mwenye sufuria hakuwa na cha kutia ndani yake. Nilizunguka Kamembe wiki nzima na kisu changu cha kazi nimekifunga katika kitambaa, mpaka muuza makaa mmoja akanielekeza kwa daktari wa mifugo aliyekuwa akitafuta mtu wa jikoni.

Daktari huyo ni Docteur Espérance, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na sauti ya mwalimu wa hesabu. Ninyi hamkumkuta. Aliweka ndege katika nyumba yenye ua mpana. Wengi walikuwa kasuku wa kijivu wa magendo, waliokamatwa kwenye daraja la mpakani wakiwa wamefichwa kwenye vikapu. Wengine walikuwa ndege wa nyumbani walioachwa na watu waliokuwa wakikimbia, kila mmoja akisema atarudi kumchukua. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Unajua kupika?"

"Nimepikia bapadri miaka kumi na mbili, Docteur."

"Hawa ni bagumu kupita bapadri. Padri akikataa supu yako, anakula mukate. Kasuku akikataa, anakufa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanipa aproni.

Vyombo vilikuwa hivi: mbabula mbili, yale majiko ya makaa, sufuria tatu, ubao, kinu kidogo, na visu viwili ambavyo havikuweza kukata hata maneno. Nikatoa changu. Sharti la kwanza la Docteur lilikuwa kwamba hatununui kwa ajili ya ndege kitu ambacho sisi wenyewe hatuwezi kukila mchana huo huo. Boga lililooza upande mmoja, karanga zenye ukungu, mahindi yenye vumbi la wadudu, vyote vinarudi sokoni. Sharti la pili lilikuwa kwamba sufuria ni moja. Chakula kinaiva bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu. Fungu la ndege linatolewa kwanza, halafu ndipo chupa ya chumvi inashuka kutoka rafu ya kushoto kwa ajili yetu wafanyakazi.

Mimi niliyezoea kuulizwa kama mchuzi una ladha nilijiona nimeshushwa cheo. Na kuna jambo lililoniuma zaidi. Barabara ya kwenda sokoni ilipita nyuma ya ua wetu, na harufu ya boga linaloiva haijui mpaka. Siku ya pili mwanamke mmoja alisimama kwenye uzio na mtoto mgongoni, akauliza, wala hakuniuliza mimi, aliuliza hewa: "Banapikia bandege. Na batoto betu je?" Nilimpa sahani yangu ya mchana, akaichukua bila kunitazama. Mpaka leo sina jibu zuri, na ninyi mkiulizwa msijifanye mnalo.

Sasa nifike kwenye avoka, tunda ambalo wengine huliita parachichi. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza. Darajani walikuwa wamemkamata kasuku aliyefungwa ndani ya gunia, mabawa yamekatwa ovyo, kifua kimebaki mfupa. Docteur alikuwa ameitwa kule Rwimbogo kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Nikabaki na mgonjwa wangu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mti wa avoka uliozaa mpaka matawi yanalalamika. Sasa niambieni, nani katika Rusizi hii hajui dawa ya mtu aliyekonda? Mwanamke aliyejifungua, mtoto aliyetoka malaria, mzee asiye na meno, wote tunawapondea avoka. Nikachagua lililoiva vizuri, nikaliponda kwa uma mpaka likawa laini. Yule kasuku akala. Akala vizuri kuliko wote, akapangusa mdomo kwenye kijiti, na mimi nikajisifu moyoni kwamba siku tano zimenitosha kuwa bingwa.

Asubuhi nilimkuta sakafuni mwa tundu, miguu juu.

Docteur alimgeuza, akamtazama macho, akaniuliza taratibu, "Jana ulimupa nini?"

"Avoka, Docteur. Nilimupondea muzuri."

Alimfunika kwa kitambaa. Kisha akasema, "Kwa muntu ni dawa. Kwa ndege ni sumu. Ni mimi sikukuambia."

"Na mimi sikuuliza."

Wahenga wamesema kuuliza si ujinga, nami nilikuwa nimechagua ujinga kwa sababu niliona aibu kuuliza kuhusu tunda lililonilea. Nilivua aproni nikaikunja, nikamwambia atafute mwingine. Nilikuwa na uchungu wa kweli. Kumuua kiumbe kwa ukali ni jambo moja; huyu nilimuua kwa ukarimu, na alinishukuru kwa kula.

"Ukienda," Docteur akasema, "na hii yenye umejifunza inaenda nawe, na mupishi mwenye atakuja ataua mwingine. Bakia. Kamata rangi, andika ku ukuta."

Ndiyo maana herufi zile zinapanda na kushuka. Msipake rangi juu yake.

Baada ya hapo niliuliza mpaka Docteur akachoka nami. Nikajifunza kwamba maharage mabichi ni hatari kwao, lazima yaive mpaka yapondeke kwa vidole viwili. Muhogo mbichi usiguse tundu. Lengalenga, ule mchicha wetu, wanalipenda, boga na karoti vinawapa manyoya mazuri, papai wanalila pamoja na mbegu zake. Yai la kuchemsha mara moja kwa wiki, na ganda lake lisagwe kwenye kinu liwe unga. Pilipili hawaisikii kabisa. Kasuku anatafuna pilipili kali ya Bugarama huku anakutazama, kama anayekuuliza wewe unalia nini. Na chakula kibichi kilichokaa tunduni tangu asubuhi kinatolewa kabla ya saa sita, hata kama kinaonekana kizuri. Jua la hapa halina huruma na papai lililokatwa.

Kitu kimoja Docteur mwenyewe hakukijua vizuri, nacho ni kuchipusha nafaka. Alikuwa amesoma mahali kwamba nafaka iliyochipua ina nguvu kuliko kavu. Tulijaribu kwenye beseni, ikanuka, tukamwaga. Tukajaribu tena, ikaota ukungu. Mara ya tatu nikamwambia, "Docteur, hii ni kazi ya batu ba pombe." Nikapanda kwenda Nzahaha kumtafuta Mukecuru Veneranda, bibi aliyekuwa akipika pombe ya mtama na kuuza kimea chake sokoni kwetu. Alikuwa anakijua Kiswahili cha soko, na ulimi mkali aliozaliwa nao.

"Kimea ya nini?"

"Ya bandege, Mukecuru."

Aliweka ungo chini. "Weye mwanaume. Tangu niko mutoto mi nafukuza ndege mu masaka, ile mutama ya baba yangu. Nimewapiga mawe, nimewapigia ngoma ya debe, sauti yangu iliharibikia pale. Na leo unakuja kuniambia nibapikie?"

"Habana shamba, Mukecuru. Bako mu tundu."

"Basi ni vizuri. Wabaki mule." Lakini alikuwa ameanza kucheka, na mtu akianza kucheka umeshaingia mlangoni.

Nilikaa kwake siku tatu nikifanya kazi kama mkwe anayepimwa. Alinifundisha kuosha mtama mpaka maji yawe safi kama ya kunywa, kuuloweka kutwa na kucha, kumwaga maji, kuulaza juu ya majani ya ndizi na kuufunika kwa mengine, kuunyunyizia asubuhi na jioni, na kuugeuza kwa mkono usio na sabuni. Kwa pombe anauacha mizizi ishikane, halafu anauanika. Kwa ndege tulikubaliana tuusimamishe mapema, mzizi unapotoka mdogo kama ncha ya sindano, bado mtamu. "Nusa," alikuwa akiniambia kila saa. "Ikinuka shamba, ni muzuri. Ikinuka kilabu, mwaga, hata kama unalia." Sijawahi kupata mwalimu bora, na nilisomeshwa na mapadri. Mukecuru Veneranda alikuwa amezika watoto wake wote katika mwaka ule tusiopenda kuutaja. Hakuniambia yeye, niliambiwa na jirani yake nikiwa natelemka na gunia la mtama kichwani. Tangu siku hiyo sikuwahi kuchelewa kununua kwake.

Kisha vita ikaanza ng'ambo. Tulisikia milio kutoka Bukavu tukiwa tunakata karoti, na kasuku walinyamaza wote kwa pamoja, jambo ambalo hawalifanyi hata kwa mvua ya mawe. Daraja likajaa watu wenye magodoro, sufuria, cherehani, na wachache wenye matundu. Ni katika siku hizo ndipo alipokuja Maman Régine.

Alikuwa mwanamke wa makamo, miguu ina matope hadi magotini, tundu amelifunika kwa kitenge. Ndani mlikuwa na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jina lake Bijou. Maman Régine na mumewe, Fidèle, hawakuwa na mtoto. Siku milio ilipoanza Fidèle alikuwa kazini, upande wa pili wa mji. Yeye alimngoja mpaka nyumba za jirani zikawa tupu, ndipo akavuka na watu wengine.

"Minarudia kumutafuta," alisema. "Bijou siwezi kumubeba tena. Mutamulisha?"

Docteur akamwambia asubiri, njia ni mbaya, bado wanapiga. Hakusikia. Alikuwa ananitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyevaa aproni.

"Mutamulisha, Papa?"

Nami, kwa mdomo mpana kuliko uwezo wangu, nikamjibu, "Kwenda bila wasiwasi, Maman. Utamukuta muzima."

Akaondoka akishuka kuelekea mtoni, akipingana na umati uliokuwa unapanda.

Bijou hakula siku ile. Hilo ni la kawaida, mgeni huwa hali siku ya kwanza. Hakula ya pili. Nikampa mtama uliochipua wa Mukecuru Veneranda, ambao ndege wengine walikuwa wanaugombania, akaupa mgongo. Nikampa papai, boga, yai, mahindi mabichi ambayo bado yana maziwa. Nikaenda mwenyewe hadi soko la Bugarama kutafuta ngazi, yale matunda ya mchikichi, kwa sababu Docteur alisema kasuku wa msituni huziona kama sukari. Akazitazama. Kila sahani niliiandaa kama ya askofu, nikaiingiza tunduni kwa adabu, nikarudi nyuma, nikaondoka. Kila sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Siku ya tatu akaanza kujing'oa manyoya ya kifuani.

Siku ya nne jioni Docteur alimpima kwenye mizani, akaandika, akafunga kalamu. "Kesho saa sita nitamulisha na mrija," alisema. "Sipendi. Amekwisha kuwa muzaifu, anaweza kunifia mu mukono. Lakini sina njia ingine."

Nilijua mrija. Ndege mwenye nguvu anaumaliza akiwa na chuki na mikono ya watu maisha yake yote, mdhaifu haumalizi. Na mimi nilikuwa nimeshamuua mmoja, tena nilikuwa nimeahidi. Maman Devota aliniambia nyumbani, "Umefanya yenye muntu anaweza. Mungu anaona." Nikamjibu vibaya, Mungu anisamehe, kwamba Mungu anaweza kuona lakini Maman Régine ndiye atakayerudi kuniuliza.

Alfajiri nilikwenda kwa Mzee Idi. Mzee Idi ni fundi cherehani Mwislamu. Alikuwa na kibanda Bukavu miaka mingi, mtaa mmoja na akina Régine, na sasa alikuwa amekimbilia kwa ndugu zake hapa Kamembe. Nilimkuta anatoka kuswali. Nilimweleza habari yote: papai, boga, ngazi za Bugarama. Alisikiliza huku anatia uzi kwenye sindano.

"Na weye ulikula?" akauliza.

"Kula nini, Mzee?"

"Ile chakula. Ulikula mbele yake?"

Nilimwambia kwamba naonja, ndiyo, mimi ni mpishi, lakini naonja jikoni. Mgongo mlangoni.

Mzee Idi akaweka sindano chini. "Papa Anselme, unatoka Bukavu ama unatoka Ulaya? Bantu banapewa sumu kila siku kule, banasema. Fidèle hakuwa anakupatia hata maji ya kunywa bila kwanza aonje, na weye unaona. Ni vile mama yake alimulea. Ku meza yao Bijou alikuwa na kisahani yake. Fidèle anaonja, bibi yake anaonja, Bijou anakula. Kila siku, miaka mingi. Sasa weye unamuletea chakula, unamugeuzia mugongo, unakimbia. Hata mi singekula."

Nani asiyejua desturi hii? Hata pombe ya mrija hapa kwetu, mwenye nyumba hunyonya kwanza ndipo akukaribishe. Nilikulia humo. Padri mmoja na meza yake nyeupe walikuwa wamenisahaulisha jambo ambalo mama yangu alinifundisha kabla sijajua kutembea vizuri.

"Kosa moja haliachi mke," Mzee Idi akanifariji. "Kwenda kula."

Nilirudi mbio. Nikajaza bakuli: mtama uliochipua, boga, lengalenga. Nikageuza ndoo, nikakaa juu yake mbele ya tundu la Bijou, uso kwa uso, nikachota kijiko nikatia mdomoni. Niwaambie ukweli, vijana, mtama uliochipua bila chumvi una ladha ya paa la nyasi. Nikatafuna. Bijou alikuwa kwenye kijiti cha juu, jicho moja limefumba nusu. Nikachota cha pili. Nikachota cha tano. Watu wa sokoni walikuwa wanapita nyuma ya uzio, na haikuchukua muda nikasikia: "Muone ule! Sasa anakula na bandege!" Mwingine akauliza kama nitaruka saa ngapi. Mtoto wa watu, yule mpishi wa mapadri, mwenye kisu chake katika kitambaa, amekaa juu ya ndoo anatafuna chakula cha kasuku mbele ya mji. Nikaendelea. Penye nia pana njia, hata kama njia yenyewe inakwama kooni.

Bakuli la kwanza likaisha. Nikaenda nikajaza la pili. Docteur alipita na mrija ukiwa umechemshwa, umefungwa katika kitambaa safi, akanitazama, akatazama saa yake. Taya zilikuwa zinaniuma. Katikati ya bakuli la pili Bijou akafungua jicho. Akashuka kijiti kimoja. Nikachota, nikamwonyesha, nikala. Akashuka kingine. Akanyoosha shingo, akatazama mdomo wangu kama hakimu, akatazama kisahani chake, halafu akachukua kipande cha boga kwa mguu wake wa kushoto na kukipeleka mdomoni.

Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Nililia mdomo umejaa mtama, na bado nikaendelea kutafuna kwa sababu niliogopa nikiacha ataacha. Docteur aliurudisha mrija kwenye droo. Baadaye akanieleza kwamba hata msituni ndege hawa hula kundi zima, mmoja huanza wengine wakafuata, na kwamba angepaswa kulifikiria. Lakini msitu haukunifundisha mimi. Alinifundisha fundi cherehani, na nyuma yake mama wa Fidèle, ambaye sikumwona.

Tangu siku hiyo sheria ya padri ilikwisha. Kila asubuhi nilikula kijiko kimoja mbele ya kila tundu, Bijou wa kwanza. Watu wa uzio walicheka mwezi mmoja, kisha wakachoka, kisha wakaanza kuja na ndege wao wa nyumbani kuuliza kwa nini hawali.

Misimu minne ya mvua, yaani miaka miwili, ilipita. Maman Régine hakutuma neno. Docteur aliniambia mara mbili kwamba tumtafutie Bijou nyumba, mara mbili nikamwambia nimeahidi. Mara ya tatu hakuuliza.

Alirudi siku ya soko, kabla ya saa sita, Mzee Idi akiwa amemshika mkono. Sikumtambua. Alikuwa amekonda kuliko yule kasuku wa gunia. Mzee Idi alinivuta pembeni.

"Alivuka juzi. Kwangu bamemupikia wali, bamemupikia samaki, hagusi. Chai hagusi. Hapana kwamba anaogopa. Anaangalia tu, kama chakula ni ya bantu bengine."

"Na bwana yake?"

Mzee Idi akatikisa kichwa.

Maman Régine alikuwa amesimama mbele ya tundu. Bijou alikuwa amejibana kwenye waya, manyoya yote ya kichwa yamesimama, anatoa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia miaka yote ile. Yeye alipitisha kidole kwenye waya, Bijou akakishika kwa mdomo, wakabaki hivyo.

"Sikumupata," alisema bila kugeuka. "Nilifika mpaka kwenye banasema alipita. Sikumupata."

"Pole, Maman," nikasema. Kiswahili kina neno hilo moja kwa mguu uliojikwaa na kwa jambo kama lile, nami nilikuwa nalo hilo tu.

Ilikuwa saa ya chakula, na mikono yangu haijui kukaa bure. Nikaleta bakuli: mtama wa Mukecuru Veneranda, maharage yaliyopondeka, boga. Nikaweka fungu la Bijou tunduni, nikakaa kwenye ndoo yangu, nikala kijiko kimoja, kama kila siku. Bijou hakunitazama. Nikala cha pili, nikatafuna kwa kelele. Alikuwa amegeuza kichwa, anamtazama Maman Régine mdomoni, kisha kisahani, kisha mdomoni. Ndipo nilipoelewa kwamba nimeachishwa kazi niliyoishika miaka miwili, tena bila barua.

Nikapangusa kijiko kwa aproni, nikamnyooshea.

Akatikisa kichwa.

"Hatakula," nilimwambia. Sikusema kwa sauti ya msibani. Nilisema kwa sauti ya mpishi ambaye chakula chake kinapoa. "Unamujua. Kama hauonje, hatakula. Mi nilimufikisha mpaka leo, Maman. Kuanzia hapa ni weye."

Alikitazama kijiko muda mrefu. Bijou alikuwa anangoja, mguu mmoja juu. Maman Régine akakichukua, akachota kidogo sana, akatia mdomoni, akatafuna. Bijou akainama akachukua boga. Yeye akachota tena, Bijou akachukua tena. Mzee Idi aligeukia uzio, akajifanya anakagua waya. Sijui walikula vijiko vingapi hivyo, mmoja ndani na mmoja nje. Najua kwamba kwenye nusu ya bakuli aliacha kutafuna, akakunja uso, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Papa, hii haina chumvi."

"Ni ya bandege, Maman."

"Naona ni ya bandege. Leta chumvi."

Vijana wangu, watu wengi wamenisifu katika maisha yangu, hata askofu mmoja. Hakuna sifa iliyonifurahisha kama lawama ile. Nilikimbia jikoni na miguu yangu ya uzee uliokuwa unaanza. Chupa ya chumvi iko rafu ya kushoto, juu ya kinu. Ndege hawaihitaji hata chembe. Hakikisheni haibaki tupu hata siku moja.